Kabla ya kununua miche ya bustani ya mtaa, weka fyekeo chini

SWALI: Mimi ni katibu wa kikundi cha wakazi mtaani kwetu, Eastlands, Nairobi. Tuna kiwanja cha umma cha kama robo ekari ambacho kaunti imekubali tukitunze. Kwa sasa ni nyasi, vumbi na takataka. Tungependa kukigeuza bustani ya mimea ya kienyeji yenye nyuki na vipepeo. Kuna mfadhili amejitolea kununua miche, na mwenye kitalu ametupa orodha: bogenvilia, lantana, jakaranda, waridi na nyasi za vipande. Udongo wetu ni ule mweusi unaonata. Watoto huchezea hapo, na akina mama kadhaa wameshasema hawataki nyuki karibu na nyumba zao. Tuanzie wapi?

JIBU: Dada, anzeni kwa kumpigia simu huyo mwenye kitalu na kumwambia asubiri. Orodha yake ni ya kupamba lango la hoteli. Bogenvilia na jakaranda asili yake ni Amerika Kusini, na waridi la kitalu lina petali zilizorundikana hadi mdudu hapati pa kuingilia. Jakaranda inapochanua, kuanzia mwisho wa Septemba, nyuki huifuata, sikatai. Kama upo mmoja uliokomaa kiwanjani, uacheni. Ila kutumia pesa ya bustani ya kienyeji kupanda mwingine hakuna maana. Lantana ndiyo ya kukataa kabisa. Vipepeo huipenda kwa nekta yake, ndiyo sababu wauzaji huisifu, lakini ndege hula matunda yake na kuimwaga mbegu kila mahali. Ulizeni watu wa msitu wa Karura ni jasho kiasi gani limemwagika kuing'oa.

Sasa lile ambalo kwangu ni kubwa kuliko miche: fyekeo. Viwanja vya umma Nairobi hufyekwa nyasi zikishafika tu kwenye kifundo cha mguu, kisha vikafagiliwa. Anayefyeka hulipwa kwa jinsi mahali palivyobaki peupe, kwa hiyo huwezi kumlaumu. Lakini kila mvua zinaponyesha, udongo huo huo hutoa mimea yenye maua ambayo hukatwa kabla haijachanua, sembuse kukomaza mbegu. Mkipanda miche ya maelfu ya shilingi na fyekeo likaendelea na ratiba yake, baada ya mwaka mtakuwa na vijiti.

Kwa hiyo kazi ya msimu wa kwanza ni ya kutazama. Mvua zikikaribia, pigeni vigingi na kamba kuzunguka kama theluthi moja ya kiwanja, pale watoto wasipochezea, mwondoe takataka halafu muache. Baada ya wiki chache mtaanza kuona kilichokuwa kimelala humo. Mkiwa na bahati, aspilia itajitokeza, ule mmea wa maua ya njano wenye majani yanayokwaruza vidole, na huenda mkaona kivumbasi au moja ya jamaa za mitoo. Yapo yasiyotakiwa pia. Gugu karoti, Parthenium hysterophorus, ling'oeni kabla halijachanua na mvae glavu, maana huwasha ngozi na kuwasumbua wenye pumu. Kishona nguo kipunguzeni tu. Nyuki hukipenda na hamtakimaliza.

Msidhani kila cha kienyeji ni rafiki. Nyasi ya kikuyu ni ya hapa hapa kwenye nyanda za juu za Afrika Mashariki, nayo itazinyonga aspilia zenu bila huruma. Iacheni upande wa watoto, hakuna nyasi inayovumilia mpira kama hiyo, na kati yake na bustani chimbeni mtaro wa kina cha koleo moja ambao mtausafisha kila mara.

Nije kwa akina mama, kwa sababu wakikataa, bustani haipo. Hofu yao haifai kuchekwa. Nyuki wa asali wa huku ni mkali, na mzinga uliochokozwa unaweza kuua mtu. Ila ukali huo ni wa kulinda mzinga. Nyuki aliye kwenye ua yuko kazini, hana asali wala watoto wa kutetea pale, na ukimsogelea huhamia ua la pili. Kwa hiyo ahidini hadharani, mkutanoni, kwamba hamtaweka mzinga, na ahadi hiyo muiweke. Kuna watu watakuja na wazo la kuuza asali ya mtaa. Robo ekari iliyozungukwa na madirisha si mahali pa mizinga. Kundi la nyuki wasafiri likitua kwenye mti, watoto waondolewe, kamba izungushwe, na mara nyingi wataondoka wenyewe baada ya siku moja au mbili. Wakionyesha dalili za kuhamia, aitwe mfugaji nyuki. Asiwepo wa kuwasha moto wala kurusha jiwe.

Halafu waelezeni kwamba nyuki wa asali ni mmoja tu. Dunia ina zaidi ya aina 20,000 za nyuki, na wengi wao huishi peke yao: jike mmoja, tundu moja, hakuna jeshi. Maandishi mengi ya bustani za namna hii yametoka Ulaya na Marekani, yanahimiza kuwahudumia wale nyuki wanene wenye manyoya wa jenasi ya Bombus. Kusini mwa Sahara hatuna hao. Wetu ni wengine, na mahitaji yao ni mengine.

Chukueni yule nyuki mweusi mkubwa anayetoboa boriti za paa, nyuki seremala, ambaye watu wengi humpiga kwa ndara akiingia nyumbani. Simameni asubuhi, jua likishapasha, mbele ya mwinu uliochanua. Mwinu ni Senna didymobotrya, ule mti mfupi wenye mikungu ya maua ya njano iliyosimama, vichipukizi vyeusi juu, na majani yanayonuka bisi ukiyasugua. Ua lake halina nekta. Seremala hutua, hukumbatia mifuko ya chavua kwa miguu, huacha kupiga mabawa, halafu utasikia mlio wake ukipanda ghafla. Ni misuli ya kifua inayotetemeka mabawa yakiwa yametulia. Chavua huruka kutoka kwenye matundu madogo yaliyo kwenye ncha za mifuko ile na kumnasa tumboni. Nyuki wa asali hajui kazi hiyo. Biringanya, mnavu na nyanya zote hufaidika na mtetemo wa namna hiyo, na pasheni karibu inamtegemea seremala kwa sababu ua lake ni kubwa mno kwa nyuki mdogo. Jirani mwenye nyanya kwenye magunia uani akisikia hayo, mara nyingi huweka ndara chini.

Seremala anahitaji mbao kavu. Wekeni gogo moja au mawili ya mti mlaini, yaliyosimamishwa juani, mbali na mapaa. Nyuki wengine wengi, kama saba katika kila aina kumi duniani, huchimba ardhini. Hao hawana haja ya nyumba za mianzi zinazouzwa siku hizi. Wanahitaji udongo mtupu, mgumu kiasi, wenye mteremko na jua la asubuhi. Mtawatambua kwa tundu lenye upana wa kalamu na kichuguu kidogo cha vumbi mdomoni. Acheni ukanda wa mita mbili kwa tano bila mmea, bila matandazo, bila kufagia, mwinuke kidogo ili maji yasituame. Hapo ndipo mtakapogombana na kila mpenda usafi mtaani. Chomekeni kibao kinachosema "Nyuki wa ardhini wanaishi hapa, tafadhali usifagie", na mtaona kibao kinavyobadilisha mawazo ya watu haraka kuliko hotuba.

Kuhusu udongo mweusi. Mnaujua kuliko mimi: kiangazi unapasuka hadi mkono unaingia, masika unafura na maji yanasimama siku tatu. Msiuchimbe ukiwa umelowa. Utakauka mabonge ambayo jembe halitayavunja mwaka mzima. Uinueni badala ya kuuchimba: matuta ya sentimita 30 hadi 40, yenye udongo huo huo uliochanganywa na majani makavu, samadi iliyooza vizuri kidogo tu, na changarawe pale mtakapoweka mimea isiyopenda unyevu. Nasema samadi kidogo kwa makusudi. Mimea ya porini ikilishwa sana hutoa majani, na magugu hushangilia.

Miti muiweke michache, miwili au mitatu. Mgunga wa njano, Vachellia xanthophloea, wenye gome la kijani kibichi kinachoelekea njano, umezoea mahali panaposimama maji, na maua yake madogo hujaa wadudu. Ila una miiba na hukua mkubwa, basi uwe mmoja, kwenye kona ya mbali na ukuta, nyaya za umeme na watoto. Wa pili uwe mwambangoma, Erythrina abyssinica, ambao wengi Nairobi wanaujua kwa jina la Kikuyu, muhuti. Huu huchanua maua mekundu kiangazi, matawini pakiwa hapana hata jani, na ndege chozi hawauachi. Hamhitaji hata kununua mche: tawi nene lililokatwa na kuchomekwa kwenye tuta mwanzo wa mvua huchipuka. Mbegu zake nyekundu na nyeusi ni nzuri kwa shanga lakini ni sumu zikisagwa, kwa hiyo zikidondoka ziokotwe. Mukinduri ni mti mzuri mno kwa nyuki, lakini ni mkubwa kwa robo ekari. Waachieni wenye nafasi.

Chini ya miti ndipo kazi ilipo. Maigoya, ile mnayoiona ikiwa ua wa boma mashambani, ina maua ya buluu ambayo nyuki hawayapiti, na hushika kwa kipande tu cha shina. Kivumbasi huchanua karibu mwaka mzima, na harufu yake peke yake itawafanya wazee waliokulia mashambani wasimame. Ongezeni kichaka cha mtukutu, mwinu, na Crotalaria agatiflora, ndugu mkubwa wa mitoo, mwenye maua ya njano yaliyojaa kijani, ambayo hufunguka nyuki mzito anapotua na kuyakandamiza. Leonotis, wenye shina la pembe nne na mafundo ya maua ya rangi ya chungwa yaliyopangwa ghorofa kwa ghorofa, hupandwa mara moja. Baadaye hujipanda wenyewe mkiziacha mbegu zidondoke. Kwenye matuta yenye changarawe wekeni mishubiri ya kienyeji, kwa mfano Aloe secundiflora. Nunueni kitaluni, msing'oe porini: mishubiri yote isipokuwa aloe vera iko kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe wa porini. Na aloe vera yenyewe si ya hapa, asili yake ni Uarabuni.

Pandeni kila aina kwa mafungu, si mche mmoja mmoja kwa kupokezana rangi kama mafundi wa bustani wanavyopenda. Nyuki akitoka hushikilia aina moja ya ua kwa safari hiyo. Fungu la kivumbasi la mita mbili mraba litampa sababu ya kurudi kesho.

Vipepeo ni hesabu tofauti, na hapa watu wengi hukosea kwa kufikiria maua pekee. Kipepeo mzima hunywa popote, lakini kiwavi wake ana mmea wake, na bila mmea huo hakuna kipepeo. Yule wa rangi ya chungwa mwenye ncha nyeusi na madoa meupe, Danaus chrysippus, hutaga kwenye mimea yenye utomvu mweupe kama Gomphocarpus. Viwavi wake wenye pete nyeusi, nyeupe na njano hula sumu ya mmea huo na kujikinga nayo dhidi ya ndege. Mwinu hulisha viwavi wa wale vipepeo weupe wanaopita kwa makundi. Yule mkubwa mweusi na njano, Papilio demodocus, hutaga kwenye jamii ya mlimau. Mwenye mlimau uani atawaona: kiwavi mchanga anafanana na kinyesi cha ndege kilichodondoka kwenye jani, kisha hugeuka kijani, na ukimgusa hutoa pembe mbili za rangi ya chungwa nyuma ya kichwa zenye harufu kali. Mlimau si wa kienyeji, lakini kama upo jirani, mwombeni mwenyewe asipulize dawa.

Matokeo yake ni kwamba majani ya bustani yenu yataliwa. Yatakuwa na matundu, mengine yatakatwa miduara safi pembeni na nyuki wakata majani wanaoyabeba kwenda kutandika viota vyao. Mtu ataenda agroveti kununua dawa akidhani anawasaidia. Elezaneni mapema. Dawa zenye imidacloprid huingia ndani ya mmea hadi kwenye chavua. Umoja wa Ulaya ulizuia matumizi yake mashambani nje ya vibanda vya kuoteshea (greenhouse) mwaka 2018 kwa sababu ya nyuki. Mwulizeni hata mwenye kitalu anapuliza nini, kwa kuwa mche uliolowekwa dawa unaweza kuwaumiza wageni mnaowaalika. Vidukari wakizidi, maji ya sabuni na subira vinatosha, ndege na wadudu wengine watamaliza.

Jambo la usalama lisiwekwe mwisho kwenye mkutano wenu, ingawa hapa nimelichelewesha. Mtaani kwetu kichaka ni mahali pa mtu kujificha, na mama anayepita saa moja jioni ana haki ya kuona mbele. Kwa hiyo mita mbili kila upande wa njia isizidi urefu wa kiuno: aspilia, kivumbasi kilichopogolewa, mishubiri. Virefu viwe katikati na nyuma. Miti ikatwe matawi ya chini hadi juu ya kichwa cha mtu mzima. Pembezoni mwa bustani yote acheni ukanda wa nyasi fupi wa mita moja, ambao huo ndio mtaufyeka kila wiki. Ukanda huo hufanya kazi mbili: unatoa mwanga, na unamwonyesha mpita njia kwamba kilichoachwa kirefu kimeachwa kwa kukusudia.

Hili la pili lina uzito zaidi ya urembo. Nairobi, kiwanja kinachofanana na pori huonekana hakina mwenyewe, na kisicho na mwenyewe hupata mwenyewe usiku. Wangari Maathai alisimama kupinga jengo la ghorofa 60 lililokusudiwa kujengwa Uhuru Park mwaka 1989, na miaka kumi baadaye akapigwa akiutetea msitu wa Karura. Hizo ni sehemu zinazojulikana nchi nzima. Robo ekari ya mtaa haina wa kuipigia kelele. Idhini ya kaunti iwe barua, si neno la afisa, na bango la langoni liitaje.

Mbuzi nao. Upande wao wa barabara wekeni ua hai wa mukawa, Carissa spinarum: una miiba ya kutosha, maua meupe yenye manukato, na matunda ambayo watoto watayamaliza kabla ndege hawajaamka.

Ratiba ya kupanda inafuata mvua. Tengenezeni matuta wakati wa ukavu, Septemba au Februari, na mpande mvua zikishatulia na udongo kulowa vizuri, mwisho wa Oktoba au mwisho wa Machi. Novemba 13, 2023 nchi nzima ilipewa likizo ya kupanda miti, na tarehe yenyewe haikuwa mbaya, vuli ilikuwa imekolea. Tatizo la siku kama hizo huja Januari, wapiga picha wakiwa wameshaondoka na hakuna wa kumwagilia. Kila mti uhesabiwe mtungi mmoja wa lita 20 kwa wiki katika kiangazi chake cha kwanza, na vichaka nusu yake. Kiangazi cha pili vitajitegemea, isipokuwa mvua zikose kabisa.

Wadudu pia huumia kiangazi, na Nairobi ina nyakati mbili ngumu: Januari hadi katikati ya Machi kwa ukavu, na Julai hadi Agosti kwa baridi na mawingu. Bustani nyingi zimejaa maua Mei na hazina hata moja Agosti. Mkiwa na nafasi ya kuchagua kati ya mimea miwili, chagueni unaochanua katika nyakati hizo. Ndiyo maana nimeshikilia mwambangoma na mishubiri.

Mbegu za miti ya kienyeji hupatikana KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu, huko Muguga, na kitalu cha msitu wa Karura huuza miche. Maigoya, mwambangoma, kivumbasi na leonotis mtavipata bure kwa kuomba vipande na mbegu kwa jamaa walio mashambani.

Hapo utaona kwamba pesa ya miche imepungua kuwa kidogo sana. Mwandikieni mfadhili barua nyingine. Mwombeni alipie tangi la maji na mpira wake, majembe na koleo, bango moja, na zaidi ya yote mshahara wa kijana mmoja wa mtaani kwa mwaka mzima, siku tatu kwa wiki, atakayemwagilia, kung'oa gugu karoti na kumkabili mwenye fyekeo akija. Wafadhili hupenda miche kwa sababu inahesabika na inapigika picha. Akisita, mwambieni mtampa hesabu pia: watoto wasimame mbele ya fungu moja kwa dakika kumi, saa ile ile kila Jumamosi, waandike wangapi wametua na wa namna gani, na picha waziweke kwenye iNaturalist, jukwaa la mtandaoni la kurekodi mimea na wanyama. Anzeni kuhesabu sasa, kiwanja kikiwa bado ni vumbi, ili mpate cha kulinganisha.